Mwanangu, Mimi Nipo Wapi Hapo?

Kabla uwanja wa mtaani kwetu haujachimbwa, ulikuwa na njia moja tu iliyokuwa na maana, na hakuna mtu aliyewahi kuichora. Ilianzia kwenye kona ya kituo cha basi, ikaukata uwanja kwa mshazari, ikapita upande wa kivuli wa mti mkubwa na kutokea kwenye lango la shule. Nyasi hazikuota hapo. Upana wake ulitosha watu wawili kutembea sambamba, na penye mzizi mnene ilipinda na kutanuka kidogo, kwa sababu hapo ndipo wenye mizigo na wenye vigari vya watoto walipopishana. Ukitazama kutoka ghorofani asubuhi, uliiona yote kama mstari uliochorwa kwa kidole kwenye vumbi.

Mkutano wa kutushirikisha kwenye mradi wa kuukarabati uwanja huo uliitishwa siku ya kazi, saa nne asubuhi. Nilichelewa dakika kumi, nikakuta mchoro umeshabandikwa ukutani, umechapwa kwa rangi kwenye karatasi nzito. Mtaalamu alikuwa kijana mstaarabu na alijiandaa vizuri. Alitueleza habari za vitalu vinne vya maua, chemchemi katikati na njia pana ya kuzunguka pembezoni. Kisha akatuomba maoni kuhusu mambo matatu: mabenchi yawe ya mbao au ya zege, taa ziwe za rangi gani, na uwanja upewe jina gani.

Nyuma yangu alikuwa amekaa mzee fundi viatu, ambaye nilipohamia mtaa ule nilimkuta tayari chini ya ule mti. Alisimama, akasogea mpaka ukutani, akavaa miwani, akaupitia mchoro polepole kama mtu anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani. Halafu akageuka.

"Mwanangu, mimi nipo wapi hapo?"

Kijana aliinama naye, wakatafuta pamoja. Mti ulikuwepo, lakini chini yake palikuwa na duara la maua lenye ukingo wa chuma. "Hilo tutaliangalia, mzee," alisema, na naamini alikuwa na nia ya kweli ya kuliangalia. Tukachagua mabenchi ya mbao. Tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukatawanyika. Karatasi ile, nilikuja kufahamu baadaye, ndiyo iliyoambatanishwa kwenye faili kuthibitisha kwamba wakazi wameshirikishwa.

Uwanja ulikamilika, na siku ya kufunguliwa ulipendeza, siwezi kusema uongo. Haikupita miezi miwili, maua ya vitalu viwili yalikuwa yamekufa kwa mstari ulionyooka, upana wa watu wawili. Wakaweka bango la kukataza kukanyaga. Wakaweka uzio. Wiki chache baadaye vyuma viwili vya uzio vilikuwa vimepindwa, kimoja huku kimoja kule, nafasi ya kupenya mtu mmoja kwa ubavu. Mvua za kwanza zilipokuja, maji yakasimama kwenye kona ya chini kwa siku nne, mahali pale pale ambapo mama mmoja anayeishi mkabala alikuwa akituonyesha kila mwaka: maji huja kutoka huku, hupita hapa, hutokea kule. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuja ukumbini kwa sababu saa nne asubuhi yuko kazini.

Kwa muda mrefu nilimlaumu yule kijana. Siku hizi najilaumu mimi pia, kwa sababu niliiona ile njia kila siku kutoka dirishani kwangu na sikuisema. Niliulizwa kuhusu mabenchi, nikajibu kuhusu mabenchi. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhudhuria mikutano ya namna hii, mtaani kwetu na kwingine, na nimeshika jambo moja: kabla ya kujibu swali lolote, uliza ni kipi bado kinaweza kubadilika. Kama kilichobaki ni rangi ya taa, basi wameshaamua, wewe umekuja kushuhudia.

Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein, aliyekuwa amefanya kazi kwenye wizara ya nyumba na miji ya nchi yake, alichora ngazi ya vipandio vinane kuonyesha viwango vya kuwashirikisha wananchi. Viwili vya chini kabisa hakuvihesabu kuwa ushirikishwaji: hapo mwananchi anarubuniwa, au anatulizwa kama mgonjwa. Vitatu vya katikati ni kupewa taarifa, kuulizwa maoni, na kupozwa kwa viti viwili vitatu kwenye kamati. Hapo unasikika, lakini huna uhakika kwamba utafuatwa. Juu ndiko kuliko na ubia, kukabidhiwa sehemu ya mamlaka na, mwisho kabisa, wananchi kuamua wenyewe. Zaidi ya nusu karne imepita na bado sijaona kipimo kinachokata vizuri kuliko hicho. Mkutano wetu ulikuwa kwenye kipandio cha tatu, ukijitambulisha kama cha sita.

Sisemi kwamba kila uwanja lazima upande mpaka juu. Wakati mwingine kuulizwa maoni kwa moyo safi kunatosha, mradi tuambiwe ukweli kuhusu kipandio tulichosimama. Kinachouma ni kuitwa mwenye nyumba halafu ukaketishwa kizingitini.

Samaki mkunje angali mbichi. Mchoro nao ni hivyo hivyo, una ubichi wake. Kuna kipindi, mara nyingi kifupi, ambapo hata swali lenyewe bado liko wazi: hapa panahitaji nini, au pengine pasiguswe? Kuuliza wakati huo hakuna gharama kubwa. Zabuni ikishatangazwa na mkandarasi akishapatikana, kusogeza mfereji hatua tatu ni mabadiliko ya mkataba, na mabadiliko ya mkataba yana bei, kwa hiyo kila mtu anaanza kutafuta sababu za kutokukusikia. Si lazima wawe watu wabaya, ni kwamba umewafikia samaki ameshakauka.

Amsterdam, baada ya Vita Kuu ya Pili, waliligeuza jambo hili. Mwaka 1947 msanifu kijana, Aldo van Eyck, akiwa mtumishi wa jiji, alibuni kiwanja kidogo cha kuchezea watoto mahali panapoitwa Bertelmanplein: shimo la mchanga lenye ukingo, vyuma vya kupindukia, mabenchi. Wakazi wa mitaa mingine wakakiona, wakaanza kuliandikia jiji barua: na sisi tuna pembe tupu hapa, tujengeeni. Jiji likawa linakwenda kutazama, na likijenga. Hadi miaka ya 1970 viwanja hivyo vilikuwa vimepita 700. Wazo la kuchukua pembe fulani lilianza kwa mtu anayeiona kila siku akitoka kwake, na mtaalamu akaja baada ya barua. Sijui njia rahisi zaidi ya kuwashirikisha watu kuliko kuifungua bahasha na kwenda kutazama.

Barua hizo hunikumbusha nyingine zilizopokelewa kwa namna tofauti kabisa. Mwaka 1989 Wangari Maathai aliandika barua akipinga jengo la ghorofa 60 lililopangwa kusimamishwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Hakuna aliyekuwa amewauliza watu wanaokwenda kupumzika pale. Alitukanwa mpaka bungeni. Wafadhili walijitoa, jengo halikujengwa, bustani ipo. Tunamsifu kwa ujasiri wake, na anastahili, lakini mimi hujiuliza pia ni mpango wa namna gani unaodai mtu awe Wangari Maathai ili aulize tu kinachojengwa kwenye nyasi za umma. Watu wengi hawana ujasiri ule, na hawapaswi kuuhitaji.

Njia ya kuuliza ikizibwa mapema, kinachobaki mwishoni ni ndiyo au hapana. Uwanja wa ndege wa Tempelhof, Berlin, ulifungwa Oktoba 2008, na Mei 2010 ukafunguliwa kwa umma, karibu hekta 300 za nyasi na barabara za kurukia ndege. Watu waliingia na baiskeli, na mabustani ya kwenye masanduku ya mbao, na tiara za watoto. Jiji likaja na mpango wa kujenga nyumba na maktaba pembezoni. Tarehe 25 Mei 2014 wakazi walipiga kura, na asilimia 64 hivi wakaunga mkono sheria ya kuuacha wazi wote. Ningekuwa na haki ya kupiga kura pale, ningeunga mkono. Lakini jiji lile lina uhaba wa nyumba, na mjadala wa kujenga haujafa mpaka leo. Kura haiwezi kusema "jengeni upande ule wa barabara ila msiuguse upande wa nyasi ndefu". Baada ya kura wakazi walikaa na maofisa wakaandika pamoja mpango wa kuutunza uwanja, na hapo ndipo mambo madogo madogo yalipopata nafasi: penye vyoo, penye kivuli, ndege wanapotagia. Mazungumzo kama hayo yangefanyika miaka minne nyuma, nani ajuaye kura ingekuwa ya nini.

Hata ukiuliza mapema, bado kuna swali la uliyemuuliza. Ukumbini huja tunaopenda kuja. Wastaafu, wenye nyumba, wanaharakati kama mimi, watu wenye sauti. Ukituhesabu sisi kama mtaa mzima utajenga uwanja wetu sisi. Vienna waliligundua hili kwa kuhesabu. Miaka ya 1990 watafiti walikaa kwenye bustani za jiji na kuona kwamba wasichana wakifika miaka tisa hivi, wanapungua ghafla, wakati wavulana wanabaki. Hakuna sheria iliyowafukuza. Uwanja ulikuwa mmoja mpana, na aliyekuwa na nguvu za kuushika alikuwa anaushika. Kuanzia 1999 jiji likazipanga upya bustani mbili za wilaya ya Margareten, likaugawa uwazi mkubwa kuwa sehemu kadhaa, likaongeza njia za miguu na viwanja vya wavu na vinyoya. Wasichana wakarudi. Msichana wa miaka kumi hasaini karatasi ya mahudhurio. Kutokuwepo kwake ndiyo maoni yake, na lazima mtu aende akakuone huko kutokuwepo.

Mwaka ambao ofisi ya mipango miji iliamua kuurekebisha upya uwanja wetu (uzio ulikuwa umeanguka upande mmoja, chemchemi imekauka na kujaa majani), tulijikusanya watu tisa tukaomba kazi moja tu: tupewe mwezi mmoja kabla mtu yeyote hajashika kalamu. Walikubali. Sikutegemea.

Tuligawana saa. Mmoja alikaa kuanzia alfajiri, mwingine mchana, mwingine jioni, wawili usiku. Daftari, penseli, na vijimistari vitano vitano: wanaume, wanawake, watoto, wazee, anayepita, anayekaa. Mimi nilikuwa na zamu ya saa nane hadi saa kumi alasiri, saa niliyodhani uwanja unalala. Haukuwa umelala. Madereva wa zamu ya usiku walikuwa wanalala kwenye ukingo wa chemchemi kavu, viatu vimepangwa vizuri pembeni, kwa sababu ule ukingo ndio uliokuwa na upana wa mgongo wa mtu na kivuli cha jengo la jirani. Mabenchi ya mbao tuliyoyachagua kwa kura yalikuwa yanachomwa na jua, hayana mtu.

Usiku tulitembea na kina mama na mabinti, tukawaomba waongoze wao, sisi tufuate. Binti mmoja alitupitisha njia ndefu, akazunguka uwanja mzima badala ya kuukata. Tukamuuliza mbona. Hakusema chochote kuhusu taa. Alisema, "Hapo katikati sioni pa kutokea." Uzio na vichaka vilikuwa vimefanya korido: ukishaingia huku lazima utokee kule. Taa zilikuwa nne na zote zinawaka. Mtaalamu wa umeme angepima mwanga na kusema pako salama.

Halafu ikaja siku ya chokaa. Hii nitaikumbuka. Badala ya kubandika mchoro ukutani, tulimwomba mpangamiji (mwingine, mama wa makamo, mwenye kofia pana) aje na futi kamba, magunia mawili ya chokaa na kamba za manila, auchore uwanja juu ya uwanja wenyewe, kwa ukubwa wake halisi, Jumamosi jioni, saa ambayo watu wapo. Aliweka njia, watoto wakaipita mbio. Aliweka mpaka wa eneo la kuchezea, kijana mmoja kwenye kiti cha magurudumu akajaribu kugeuka pale kwenye kona akashindwa, na kona ikafutwa kwa soli ya kiatu na kuchorwa upya, mara tatu, mpaka akageuka bila kurudi nyuma. Mama wa maji alikuja. Alichukua kamba mwenyewe akaitandaza kutoka kona ya juu mpaka mfereji wa barabara, akasema, "Msiweke kitu chochote juu ya hii." Mpangamiji aliinama akapima mteremko, akainuka, akaandika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na pale walikuwepo waliolala kwenye kitanda kile miaka thelathini.

Chokaa haihitaji mtu ajue kusoma ramani, na hiyo ndiyo sababu naipenda. Kwingine wametafuta zana nyingine kwa sababu hiyo hiyo: mwaka 2012 shirika la UN-Habitat lilishirikiana na watengenezaji wa mchezo wa kompyuta wa Minecraft ili wakazi, hasa vijana, wajenge kwa matofali ya mchezo sehemu wanazozitaka, na uwanja wa michezo huko Kibera ulikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Zana si hoja. Hoja ni kwamba mtu aweze kusogeza kitu kwa mkono wake na wengine wakaona kimesogea.

Nimewasikia wataalamu wakisema, mara nyingine kwa uchovu wa haki kabisa, kwamba wananchi hawajui mambo ya mifereji, uzito ambao ardhi inaweza kuubeba, kanuni za zimamoto. Kweli, hatujui. Mama wa maji hakujua kipenyo cha bomba, alijua maji yanapopita. Vinahitajiana vyote viwili.

Pingamizi linaloninyima usingizi ni jingine. Wakazi wanaweza kuwa wakatili. Kwenye mkutano wetu wa tatu, watu ambao ni majirani zangu na ninaowapenda walipendekeza mabenchi yawekewe vyuma katikati ili mtu asiweze kujilaza, na wakapigiwa makofi. Walikuwa wanawasema wale madereva. Binti wa daftari la saa nane, maana baada yangu alishika yeye, alisimama akawasomea hesabu: watu wangapi, siku ngapi, hakuna ugomvi hata mmoja. Makofi yakaisha. Pendekezo halikupita, lakini lingeweza kupita, na ningekuwa mwongo nikisema wingi wa watu ukumbini unatosha kulinda wachache. Kwa hiyo nashikilia kwamba kabla ya kukusanya maoni kuwe na jambo moja lisilopigiwa kura: uwanja wa umma haumfukuzi mtu ambaye hajamdhuru mtu. Baada ya hapo tujadili mabenchi.

Na kuna mrejesho, sehemu inayosahauliwa kuliko zote. Porto Alegre, Brazil, walipoanza mwaka 1989 bajeti shirikishi, yaani wakazi kuamua wenyewe sehemu ya matumizi ya jiji, mikusanyiko ya mitaa ilikuwa na utaratibu wa serikali kuja kwanza kueleza iliyafanyia nini maamuzi ya mwaka uliopita, ndipo wazungumze ya mwaka mpya. Sisi tuliomba kitu kidogo zaidi: karatasi moja ibandikwe kwenye nguzo ya uwanja, yenye safu tatu. Mlichosema. Tulichofanya. Kama hatukufanya, kwa nini. Ofisi ilisita sana kwenye ile safu ya tatu. Walihofu watu watakasirika. Ilipobandikwa nilisimama mbali kidogo nikitazama wanaosoma. Choo cha umma kilikuwa kimekataliwa, sababu ikiwa bomba la majitaka liko mbali na fedha za mwaka huo hazitoshi, na mwaka wa kujaribu tena umetajwa. Watu waliguna, wakabishana, mmoja akaupiga picha ule mwaka uliotajwa. Hakuna aliyeichana ile karatasi.

William Whyte, aliyerekodi kwa kamera viwanja vya New York miaka ya 1970, aliona jambo dogo ambalo nimelithibitisha kwa macho yangu mara nyingi: mtu akikuta kiti kinachohamishika, kabla ya kukaa hukisogeza kidogo, sentimita chache, hata kama hakuna sababu inayoonekana. Kisha ndipo anakaa.

Mchoro wa mwisho uliletwa uwanjani wenyewe, ukatandazwa juu ya meza chini ya mti, mawe manne kwenye pembe kuzuia upepo. Ile njia ya mshazari ilikuwepo, imepewa sakafu ngumu, na penye mzizi imepinda na kutanuka kama ilivyokuwa. Mzee fundi viatu alikuja amechelewa, macho yake siku hizi hayaoni mbali. Mpangamiji alimshika kidole akakiweka juu ya duara dogo karibu na shina.

"Hapa ndipo ulipo, mzee wangu."

Aliinama karibu kabisa na karatasi. Akatazama jua lilipokuwa, akatazama mti, akarudi kwenye karatasi. Akaomba kalamu. Akalikata lile duara, akachora jingine upande wa pili wa shina.

"Alasiri kivuli kinahamia huku," alisema.

Yule mama akaandika.